Taa ya urembo sebuleni inataka balbu ya namna gani?

Pita Mpemba, Chapwa au Sogea mjini Tunduma jioni, uchungulie sebule za nyumba zilizojengwa miaka ya karibuni. Utakuta dari ya jipsamu iliyokatwa kwa madaraja, na katikati yake taa ya kuning'inia yenye mikono sita au minane, vioo vikimeremeta. Taa hiyo huchaguliwa kwa makini. Mama mwenye nyumba huitafuta mtandaoni, hulinganisha bei, pengine huiagiza Kariakoo na kuisafirisha kwa basi hadi mpakani. Balbu zake ndizo hazichaguliwi na mtu. Fundi umeme hutumwa dukani, hurudi na zilizopo, huzifunga, hulipwa, huondoka.

Baada ya miezi mitatu mbili zimezimika, moja inapepesa, na mtoto analalamika kwamba macho yanamuuma akikaa kwenye kochi linalotazama taa. Lawama huenda kwa TANESCO au kwa "LED za siku hizi". Mimi nasema lawama nyingi ni za ununuzi. Balbu inayookoa umeme hutimiza ahadi yake ikikutana na chombo kinachoifaa, kwa hiyo uchaguzi uanzie kwenye taa yenyewe: mdomo wake ukoje, kava lake linapitisha hewa au la, balbu itaonekana kwa macho au imefichwa, na chumba hicho kinatumika saa ngapi za usiku.

Tuanze na mdomo, maana huo hauna mjadala. Holda nyingi za nyumba zetu ni za aina mbili: ile ya pini mbili pembeni, unayoisukuma na kuizungusha kidogo, iitwayo B22, na ile ya skrubu yenye upana wa milimita 27, yaani E27. Taa za mapambo zina desturi yao. Zile zenye mikono myembamba mithili ya vinara vya mishumaa mara nyingi hutumia skrubu ndogo ya milimita 14, E14, na zile za kuzama kwenye jipsamu hutumia GU10, yenye pini mbili nene unazoziingiza na kuzizungusha. Mtu akikosa E14 dukani huuziwa kipande cha kubadilishia, E14 kwenda E27, kisha hufunga balbu kubwa juu yake. Matokeo ni balbu inayochungulia nje ya kava, inayoinama kwa uzito wake, na muungano wa ziada unaolegea siku hadi siku. Muungano uliolegea hupata moto. Ni heri kusubiri mzigo mwingine uje kuliko kufunga kipande hicho kwenye taa ya laki mbili.

Kasoro hii ya umbo ndiyo iliyozipa enaji seva za zamani, zile za mirija iliyosokotwa, jina baya kwenye taa za urembo. Zilikuwa ndefu, zikitokeza juu ya vikombe vya kioo, na zilichukua karibu dakika nzima kufikia mwanga kamili. LED zimeliondoa tatizo hilo. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuvumbua LED ya buluu yenye ufanisi. Ukiipaka LED hiyo unga maalumu wenye kutoa mwanga wa manjano, macho huuona mchanganyiko wa rangi hizo kuwa mwanga mweupe. Kwa kuwa kichipu chenyewe ni kidogo sana, kiwanda kinaweza kukiweka ndani ya umbo lolote: la mshumaa, la mpira, au la balbu ya kale yenye nyuzi za dhahabu zinazoonekana.

Joto lisilo na pa kutokea

Balbu ya kizamani ya waya ilikuwa jiko lililosingiziwa kuwa taa. Karibu asilimia 5 tu ya umeme wake ndiyo iliyogeuka mwanga wa kuonekana, na kilichobaki kilimwagika chumbani kama joto. LED ni bora mara nyingi zaidi, lakini nayo hutoa joto, tena joto lake halirushwi nje pamoja na mwanga. Hubaki kwenye shingo ya balbu, na humo ndimo mlimofichwa saketi ndogo inayobadili umeme wa volti 230 kuwa ule unaofaa kichipu.

Ndani ya saketi hiyo mna kapasita yenye majimaji, nayo ndiyo huwa ya kwanza kufa. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya kukadiria: kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, uhai wa kapasita ya aina hiyo hupungua kwa nusu. Chukua balbu iliyoandikwa saa 15,000. Ukiiwasha saa 5 kila usiku, hesabu ya kwenye boksi inaipa miaka 8. Ifunge ndani ya bakuli la kioo lililozibwa, joto lipande nyuzi 20 zaidi ya alilolikusudia mtengenezaji, na kapasita itabaki na robo ya uhai wake, sawa na miaka miwili. Ikiwa balbu yenyewe ni ya mkato, yenye kapasita hafifu tangu kiwandani, usishangae ikifa kabla ya sikukuu.

Kwa hiyo bakuli lililozibwa kabisa, iwe ni lile la dari ya korido au lile la barazani linalokinga mvua, linataka balbu ya wati chache, na ikiwezekana yenye maelezo kwamba inafaa kwenye kava lililofungwa. Wati 5 au 7 zitadumu humo kuliko 12 au 15. Mikono iliyo wazi juu haina shida hiyo. Nayo maandishi "Max 40W" yaliyobandikwa kwenye holda yalilenga joto la balbu za waya. Hayana maana kwamba unaruhusiwa kuingiza LED ya wati 40.

Mtu aliyezoea wati hununua kwa wati, na hapo ndipo sebule nyingi zinapopigwa na mwanga kupita kiasi. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na namba yake huandikwa kwenye boksi la balbu yoyote yenye kujiheshimu. Balbu ya waya ya wati 40 ilitoa lumeni 470 hivi, na ile ya wati 60 ilitoa takriban 800. LED ya wati 5 hivi inaifikia ile ya kwanza, na ya wati 8 au 9 inaifikia ya pili. Sasa chukua taa yenye mikono minane. Ukiweka lumeni 470 kila mkono unapata zaidi ya 3,700, na kwa sebule ya mita nne kwa tano hizo zinatosha mazungumzo, chakula na televisheni. Lakini fundi huweka wati 9 kila mkono kwa sababu ndizo zilizojaa dukani, na unajikuta na lumeni zaidi ya 6,400 zikimulika kutoka kwenye vioo vinavyorudisha mwanga kila upande. Ndiyo sababu yule mtoto analalamika.

Kama balbu inaonekana kwa macho, chagua yenye kioo cha maziwa, yaani kisichopitisha picha. Zile za kioo angavu zenye nyuzi za dhahabu ni nzuri, siwezi kukataa, lakini zinafaa zikiwa hafifu, lumeni 250 hivi kila moja, na zikiwa juu ya usawa wa macho. Ukiwa na mzee ndani ya nyumba, mpe taa yake ya pembeni ya kusomea badala ya kuongeza ukali wa dari. Jicho la mtu wa miaka 60 hufikisha ndani karibu theluthi tu ya mwanga linaofikisha jicho la kijana wa miaka 20, na wakati huohuo huumizwa zaidi na mng'ao. Mzee anahitaji mwanga mwingi pale anaposoma na pale anapokanyaga ngazi, na mwanga huo usimpige usoni.

Hesabu ya LUKU

Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na mteja wa kawaida hulipa 292. Hapo bado kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA.

Taa ya mikono minane yenye balbu za waya za wati 40 inakula wati 320. Kwa saa 5 kila usiku, mwezi mmoja ni uniti 48, na hiyo ni taa moja, bado friji, pasi na televisheni. Kwa LED za wati 5, taa hiyohiyo inakula uniti 6. Kwa familia iliyo kwenye kundi la uniti 75, tofauti hiyo ya uniti 42 ndiyo inayoamua kama itabaki kwenye shilingi 100 au itaingia kwenye 350. Kwa bei ya ziada, uniti 42 ni shilingi 14,700 kabla ya kodi, kila mwezi. Balbu nane nzuri hulipa gharama yake mapema tu.

Kuna mlaji mwingine ambaye hakuna anayemshuku. Ni ile mikanda ya LED inayofichwa kwenye madaraja ya jipsamu, inayozungusha sebule kwa mwanga wa buluu au zambarau. Watu huiwasha jioni na kuisahau hadi alfajiri kwa sababu "ni LED, haili umeme". Mkanda wa kawaida wenye vichipu vikubwa 60 kwa mita hula wati 14.4 kila mita. Sebule iliyozungushiwa mita 15 inakula wati 216, mara tano na zaidi ya ile taa ya katikati yenye LED. Kwa saa 5 kila usiku ni uniti 32 kwa mwezi. Ukiiacha usiku kucha, zidisha mwenyewe. Ipo mikanda ya vichipu vidogo inayokula wati 4.8 kwa mita, na kwa urembo wa dari inatosha kabisa. Uliza kabla fundi hajaibandika.

Rangi ya mwanga na usingizi

Kwenye boksi la balbu kuna namba nyingine inayoishia na herufi K, kifupi cha kelvini. 2,700 au 3,000 ni mwanga wa manjano mtulivu, karibu na ule wa balbu za zamani. 4,000 ni weupe wa kati. 6,500 ni weupe wenye ubuluu, kama wa mchana wa mawingu. Madukani kwetu hii ya mwisho ndiyo imetawala, na wateja wengi huamini kwamba ndiyo inayomulika zaidi. Si kweli kwamba lazima imulike zaidi, kwani balbu mbili za lumeni 800 hutoa mwanga kiasi kilekile hata kama moja ni ya manjano. Ila weupe wa 6,500 hufanya sebule ya mapambo ifanane na duka la dawa, huzima rangi ya mbao na ya dhahabu kwenye taa yenyewe, na zaidi ya hayo huingilia usingizi.

Mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba ndani ya retina mna seli chache zinazohisi mwanga zenyewe, mbali na zile tunazozitumia kuona. Kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo husisimka zaidi kwa mwanga wa buluu, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi. Zikisisimka, ubongo hupunguza kutoa melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala. Balbu ya 6,500 ina buluu nyingi kuliko ya 2,700, kwa hiyo kukaa chini yake hadi saa nne usiku ni kuuambia mwili kwamba bado ni mchana. Usingizi huchelewa, na mtoto wa shule huamka na uchovu.

Hapa nitofautishe jambo hili na uvumi unaozunguka kwenye simu, kwamba LED hupofusha. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ijulikanayo kama SCHEER ilipitia utafiti uliokuwapo na mwaka 2018 ikahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa madhara ya moja kwa moja kwa afya ya watu wa kawaida wanaotumia taa za LED kwa matumizi ya kawaida. Kinachofaa kuangaliwa ni ukali, upepesaji na saa za matumizi. Sebuleni na chumbani weka 2,700 au 3,000. Jikoni na kwenye meza ya kusomea 4,000 inafaa.

Angalia pia alama ya Ra au CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi ya vitu. Chini ya 80 nyama huonekana ya kijivu, na kitenge ulichokinunua mchana upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huonekana kingine. Chagua 80 na kwenda juu. 90 ikipatikana, vizuri zaidi.

Mwanga wa manjano una faida nyingine barazani: huvuta wadudu wachache kuliko ule wa buluu. Kumbikumbi wanapotoka kwenye mvua za kwanza, bakuli la kioo lenye balbu nyeupe hujaa mabawa kwa usiku mmoja, na mabawa hayo huziba mwanga na hewa. Anayewataka kwa kikaango, basi na aweke nyeupe, ila aiweke mbali na mlango.

Upepesaji hujulikana kwa simu. Washa kamera, isogeze karibu na balbu. Ukiona mistari myeusi mizito inatembea kwenye kioo cha simu, mwanga unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde kufuatana na umeme wetu wa hezi 50, na saketi ya ndani imeshindwa kuusawazisha. Macho hayaoni wazi, lakini baadhi ya watu hupata maumivu ya kichwa na uchovu wa macho. Wauzaji wengi huijaribu balbu mbele yako kabla ya kupokea pesa, kwa hiyo una nafasi ya kutoa simu yako palepale.

Balbu ya LED inaweza pia kufichua uzembe wa fundi. Ukizima swichi usiku na balbu ikabaki na mng'ao hafifu, huenda swichi yako ina kitaa kidogo cha kuionyesha gizani, na hilo si tatizo. Kama haina, mwite fundi mwenye leseni akague, kwa sababu inawezekana swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wenye moto. Maana yake ni kwamba holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na atakayepanda ngazi kubadilisha balbu anaweza kupigwa shoti. Taa ya chuma isiyo na waya wa ethi huongeza hatari hiyo. Kwa sababu hii, unapobadilisha balbu ya taa ya kuning'inia zima swichi kuu.

Balbu za kuchaji, zile zinazobaki zikiwaka umeme ukikatika, zimependwa sana. Nazo zina kazi yake, lakini si kwenye taa ya mikono mingi. Balbu hiyo hujua kama umezima swichi au umeme umekatika kwa kupima njia ya umeme kwenye waya. Ikiwa na wenzake saba kwenye waya mmoja, mara nyingi hudanganyika, na unazima swichi yenyewe inaendelea kuwaka hadi betri iishe. Ndani ya bakuli lililozibwa, joto huiua betri mapema. Iweke kwenye holda ya peke yake, jikoni au koridoni.

Zimebaki enaji seva za mirija. Ndani yake mna zebaki, miligramu chache tu, lakini ni sumu kwa mfumo wa neva, hasa kwa watoto na mimba. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2022 huko Bali kusimamisha utengenezaji na uingizaji wa zile za wati 30 na chini ifikapo mwaka 2025, na pendekezo hilo lilipelekwa na kundi la nchi za Afrika. Ukizikuta bado zinauzwa kwa bei ya kutupa, ziache. Ulizonazo tumia hadi zife, kisha zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Usizitupe kwenye takataka zinazochomwa moto wala shambani. Moja ikivunjika ndani ya nyumba, watoe watoto, fungua madirisha na mkae nje kama dakika 10. Usifagie, kwani ufagio husambaza unga. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu ukiwa umevaa glavu, malizia kwa utepe wa gundi, futa kwa kitambaa chenye maji, na vyote viingie kwenye kopo.

Safari ijayo fundi akiomba pesa ya balbu, mpe ile ya zamani iende naye kama sampuli ya mdomo na ukubwa, na mwandikie kwenye karatasi: lumeni ngapi, 2,700 au 3,000 K, Ra 80 au zaidi, alama ya ubora ya TBS na risiti yenye muda wa dhamana. Anunue moja kwanza. Ikae juu wiki moja, muitazame usiku, ndipo mnunue zilizobaki, zote za aina ileile na kutoka duka lilelile.